Unga wa Kitovu

"Mama Pascuala, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ulimtia nini yule mtoto kitovuni?"

"Na mimi nakujibu kwa mara ya mwisho. Kitovu cha mtu ni siri ya mama yake. Kamwulize mama yake."

Mpelelezi Zunilda Asprilla aliitupa kalamu mezani. Alishawahoji wezi wa dhahabu, maharamia wa mtoni na diwani mmoja mwenye ulimi wa asali, na wote mwishowe walitapika yaliyokuwa moyoni. Lakini huyu mkunga mkongwe, Pascuala Cuesta, alikuwa amekaa kwenye kiti cha polisi kama amekaa sebuleni kwake, mikono juu ya mapaja, na tangu jana hakuna kilichomtoka. Nje mvua ilitwanga mabati ya kituo. Hapa Quibdó, mji wa mtoni magharibi mwa Kolombia, mvua si habari.

"Unajua umeshitakiwa nini?"

"Eti nimemtilia sumu mjukuu wa Ercilia Rentería. Ercilia mwenyewe ndiye aliyenitangaza barabarani mchana kweupe, jirani zangu wote wanasikia. Mchawi, akaniita. Mimi! Mimi niliyempokea mwanawe kwa mikono hii!"

"Mwanawe peke yake?"

"Nusu ya askari wa kituo hiki nimewapokea mimi. Huyo hapo mlangoni alitanguliza makalio. Ndiyo maana mpaka leo anafanya mambo kinyumenyume."

Askari wa mlangoni aliangalia viatu vyake. Zunilda alijizuia asicheke, maana kesi yenyewe haikuwa ya kucheka. Mtoto wa kiume wa Yurlenis, mkwe wa Ercilia, alizaliwa salama salimini katika Mtaa wa Ceiba. Siku chache baadaye macho yake yaligeuka manjano, na mkojo ukawa mweusi kama kahawa iliyolala. Alipelekwa hospitali, akawekwa chini ya taa ya bluu, akapona. Akarudishwa nyumbani. Kesho yake asubuhi Mama Pascuala akaja kukiangalia kitovu, na jioni ile ile mtoto akawa manjano tena, safari hii vibaya zaidi. Daktari alisema wazi kwamba mara ya tatu manjano hayo yangeweza kupanda ubongoni, na hapo mtoto angekufa au angeishi bila kujitambua.

Ercilia alijumlisha moja na moja: mkunga kaja, mtoto kaugua. Na unga ulikuwepo kweli. Sisi watu wa Mto Atrato, mtoto akishakatwa kitovu, jeraha lake hutiwa unga wa mnyama, wa mti au wa madini, ili akue na sifa za kitu hicho. Aliyetiwa siafu hachoki kazini. Aliyetiwa dhahabu, dhahabu humtafuta. Sheria haijui lolote kuhusu hayo. Sheria inajua unga tu.

"Chupa tuliyoichukua kwako iko maabara," Zunilda alisema. "Nisaidie nikusaidie. Ulimtia mtoto mwingine unga wa chupa hiyo?"

Mkunga alifikiri kidogo. "Binti wa Nazaria, jirani yao. Wiki ile ile. Nenda kamwone alivyonona, mashavu kama ya askofu."

Zunilda aliandika. Mlango ukafunguliwa bila kubishwa, akaingia mwendesha mashtaka Jaramillo, mgeni kutoka jiji la Medellín, mwavuli ukimchuruzika.

"Amekiri?"

"Hana cha kukiri bado."

"Mpelelezi, bibi anapaka kidonda cha kichanga unga usiojulikana, kichanga kinaugua mara mbili. Unataka nini zaidi? Kabla ya jioni nataka jina la sumu, na kesho nampandisha mahakamani."

"Na kama hakuna sumu?"

"Penye moshi pana moto."

"Huku kwetu, bwana, kuni zote ni mbichi," Zunilda alisema akivaa koti lake la mvua. "Moshi tunao mwingi sana. Moto ndio wa kutafuta."

Kabla ya hospitali alipita kwa Nazaria. Binti alikuwa anayonya kwa pupa, macho meupe pe, kitovu kikavu. Zunilda akajiandikia: chupa moja, mikono ile ile, watoto wawili, mgonjwa mmoja.

Hospitalini alimkuta Ercilia Rentería ukumbini, kasimama kama nguzo. Mwanamke mrefu, kitambaa cha kijani na cheupe kichwani, rangi za mtaa wake, maana siku hiyo ndiyo iliyokuwa zamu ya Mtaa wa Ceiba kuandamana katika sikukuu za Mtakatifu Pacho, ndivyo tunavyomwita Fransisko wetu. Harufu ya sikukuu ilimtangulia, satini na marashi na sanduku. Zunilda mwenyewe alinuka hivyo hivyo. Mwezi wa Septemba mji mzima hufungua masanduku yake.

"Umemleta mchawi wako mahakamani?" Ercilia aliuliza.

"Nimekuja kumsalimu mtoto, Mama Ercilia. Ana hali gani?"

"Anaendelea vizuri. Anaendelea vizuri kwa sababu yule hayupo!"

"Inawezekana. Nitafutie kahawa basi, mama yangu, nimelowa."

Ercilia aliondoka akinung'unika. Zunilda akaingia wodini na kurudisha mlango. Yurlenis alikuwa msichana wa mto San Juan, huko juu kwenye migodi ya dhahabu, mwembamba, mwenye mazoea ya kuangalia chini mama mkwe akiwa karibu. Mtoto alilala kifuani mwake ndani ya shuka nyeupe ya hospitali.

"Mwanangu, Mama Pascuala yuko ndani, na hataki kusema kwa sababu yako."

Machozi yalimlengalenga Yurlenis. "Mguayakani," alisema kwa sauti ndogo. "Vumbi la mti wa mguayakani, ule usiooza majini. Nilitaka asivunjike. Hakuna kingine, naapa kwa roho ya baba yangu."

"Kuna dawa yoyote uliyokunywa wewe? Ya malaria, ya maumivu?"

"Sijaugua malaria hata siku moja. Kwetu hatuugui ovyo."

"Mtoto amepewa kitu mdomoni? Chai, asali, maji ya majani?"

"Ziwa tu."

"Nani anamshika?"

"Mimi na mama mkwe. Mume wangu yuko mgodini." Alisita. "Anampenda sana huyu mtoto, dada. Mimi hanipendi, lakini huyu anampenda. Anamfunika mwenyewe kila usiku."

Zunilda aliandika na hilo, kwa ajili ya kuandika tu. Dawa katika maziwa ya mama ilikuwa tuhuma yake nzuri kuliko zote, nayo ikafa hapo hapo. Alimshukuru, akainywa kahawa ya Ercilia kwa mkupuo mmoja ukumbini, akachukua bodaboda kwenda chuo kikuu.

Dakta Marleny Murillo alisoma naye darasa moja tangu wakiwa na meno ya utoto. Sasa alikuwa na maabara yake ghorofani, mashine zinavuma, na ukutani ramani ya mito yote ya mkoa wetu wa Chocó iliyochomekwa pini za rangi. Kila pini ilikuwa kijiji ambacho watu wake walikubali kutoa damu isomwe.

"Shoga, unga wako ni mbao," Marleny alisema kabla hata ya salamu. "Mbao safi. Ungeweza kuutia kwenye uji."

"Nilijua. Sasa niambie nisilolijua."

"Damu ya mtoto hospitali waliniletea jana. Keti."

"Sina muda wa kuketi."

"Keti nimesema, usinipande kichwani kwenye maabara yangu." Zunilda akaketi. Marleny alivuta kiti mbele yake. "Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kimeng'enya fulani, mlinzi. Kazi yake ni kuzikinga chembe zisiharibiwe na sumu ndogondogo. Mtoto huyu amerithi jeni yenye tofauti kidogo, mlinzi wake ni dhaifu. Siku zote hana shida, atakula, atacheza mpira, atazeeka. Lakini akikutana na vitu fulani, chembe zinapasuka kama bisi kwenye sufuria. Mkojo unakuwa mweusi, macho manjano. Ndicho ulichokiona."

"Kwa hiyo ni ugonjwa."

"Ala! Ugonjwa wa nani? Hiyo tofauti ilitoka Afrika na mababu zetu, wakiwa na minyororo miguuni. Wenye nayo, malaria kali haiwaui kirahisi kama inavyowaua wengine. Unafikiri ni kwa nini tuko wengi tulio nayo? Wenye nayo walipona wakazaa." Aliigonga ramani kwa kalamu. "Kwa miaka mingi walitutibu kwa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya miili mingine. Mtoto wetu akigeuka manjano, wanamtafuta mchawi. Ndiyo maana nikajenga hii. Tujisome wenyewe, kwa macho yetu, humu humu mjini kwetu."

Zunilda aliitazama ramani yenye pini. Alijivunia rafiki yake, na hakuona haja ya kulificha hilo. "Una akili wewe, Marleny."

"Nimekuambia tangu shule, hukusikia."

"Amerithi kwa nani?"

"Mtoto wa kiume jeni hii huipata kwa mama tu. Baba hahusiki."

"Vizuri. Sasa vitu fulani ni vitu gani? Nataka vile ambavyo huenda vimenipita."

"Baadhi ya dawa za malaria."

"Hakuna. Mama hakunywa."

"Aina fulani ya maharage makavu, makubwa."

"Ananyonya tu, na nyumba ile wanakula ndizi na samaki."

"Basi naftalini. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Mvuke wake hukaa kwenye nguo, na kichanga huuvuta na kuupokea kwa ngozi. Kwa mtoto kama huyu ni..."

Zunilda alikuwa amekwisha kusimama. Mji wetu unanyeshewa mwaka mzima. Nguo isiyotiwa naftalini huota ukungu kabla ya Krismasi, basi kila sanduku la Quibdó lina vidonge hivyo, na sanduku la mavazi ya sikukuu lina konzi nzima. Pua zetu zimeshazoea. Harufu ile kwetu haiitwi naftalini, inaitwa Mtakatifu Pacho. Alikuwa ameinusa ukumbini asubuhi, kwa Ercilia na kwenye koti lake mwenyewe, na kama fala akaiona ni furaha.

"Hospitalini anafunikwa shuka ya hospitali, anapona," alisema. "Nyumbani anafunikwa na bibi yake, anaugua. Mkunga alipita tu katikati! Marleny, nyumba ya Rentería ndiyo inayotunza bendera ya mtaa sandukuni. Na wavulana wao..."

"Huwalaza ndani ya bendera, kuanzia kuzaliwa mpaka siku ya maandamano," Marleny alimalizia, na uso wake ukabadilika. "Kila mtu anajua. Ili wakue wawe washika bendera."

Zunilda alipiga simu wodini. Muuguzi alimjibu kwa furaha kwamba kitanda kilikuwa kinahitajika, mtoto alikuwa mzima, na bibi yake alikuwa amemchukua adhuhuri. "Walikuwa na haraka, mpelelezi. Leo ni zamu ya mtaa wao."

"Naandika ripoti, nampelekea Jaramillo mwenyewe mkononi," Marleny alisema. "Wewe kimbia!"

Barabara ya Ceiba ilikuwa imefurika. Satini ya kijani na nyeupe kila upande, klarineti inalia, ngoma zinajibu, watu wanacheza kwenye madimbwi. Bodaboda ilikwama, Zunilda akashuka akakata katikati ya wachezaji kwa viwiko, akipiga kelele "Polisi!" na kujibiwa "Cheza basi, polisi!" Mlango wa Ercilia ulikuwa wazi. Sebuleni Yurlenis alisimama kando, mikono mitupu. Ercilia alikuwa amekaa na mjukuu mapajani, na bendera ya kijani na nyeupe imekunjuliwa, pembe moja tayari imevuka kifua cha mtoto.

"Mama Ercilia, mtoe humo! Mtoe sasa hivi!"

"Wewe umeingiaje nyumbani kwangu?"

"Hiyo bendera ndiyo inayomuua."

Hakueleza zaidi kwanza. Alimtwaa mtoto kwa nguvu, akampa mama yake, akavua shati lake la ndani lililofuliwa jana bila kulala sandukuni, akamfunika nalo na kujifunga koti juu. Kisha akaeleza, kwa maneno machache, unga, damu, vidonge vya sandukuni. Ercilia alisikiliza akiwa amesimama, bendera inaning'inia mkononi.

"Uongo," alisema. "Wanaume wote wa nyumba hii wamelala ndani ya bendera hii. Marehemu mume wangu, wanangu, wajukuu zangu wote. Nani aliugua? Nitajie mmoja!"

"Hakuna."

"Haya!"

"Hakuna, kwa sababu hakuna aliyezaliwa na Yurlenis. Damu hii mtoto wa kiume huipata kwa mama."

Nje ngoma zilizidi kulia. Uso wa Ercilia ukachangamka, kama mtu aliyetupiwa kamba.

"Kumbe! Nilisema mimi, mkaniona mkorofi. Damu mbovu ya mgodini! Nilimwambia mwanangu, usitoe mke mahali usipojua..."

"Mama mkwe, hapo hapo. Koma."

Zunilda aligeuka. Yurlenis hakuwa anaangalia chini. Alikuwa amemkumbatia mwanawe, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Babu yangu alisimama ndani ya maji ya San Juan tangu utoto wake, akichekecha dhahabu ambayo si yeye aliyeivaa. Kila masika homa ilipita kambini. Ilizoa watu wa pwani, ikazoa wazungu wenye mashine, ikazoa na mabwana waliotumwa kutoka huku mjini kutusimamia. Sisi tuliwachimbia makaburi. Mama yangu alizaa kumi, kumi tukakua. Tulikuwa hatujui kwa nini. Leo nimejua, na sioni haya hata ya kuazima. Damu hii ilivuka bahari na minyororo, ikavuka mgodi, ikamfikisha huyu mikononi mwako. Kama unampenda, mpende na damu yake. Kama huwezi, mimi na yeye tunarudi kwetu leo, kwa miguu yetu, na vichwa juu."

Kwa kweli hata sisi tuliokuwa tumejazana dirishani tulipigwa na butwaa. Tangu aolewe hakuna aliyewahi kumsikia akimaliza sentensi tatu.

Ercilia aliketi. Akaanza kuikunja bendera, pembe kwa pembe, taratibu kama alivyofundishwa na mumewe, akaiweka kitini.

"Basi ni mimi," alisema. "Niliyemfunika ni mimi."

"Hukujua, mama," Zunilda alimwambia.

"Vidonge sikujua. Hilo Mungu analijua." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini kumwita mtu mchawi barabarani, hilo nililijua nikilifanya. Yurlenis, mama, nipishe mlangoni. Au, hapana. Njoo nami. Mlete mwanao."

Alitoka nje, akainua mkono. Klarineti ikakatika katikati ya wimbo. Wazee wa mtaa walitazama mikono yake, wakaona hana bendera, wakatazamana. Ercilia akawaambia jambo moja tu: kwamba leo hawaendi kanisani kwanza.

Zunilda alitangulia kituoni kwa bodaboda. Marleny alikuwa ofisini kwa Jaramillo, na mwendesha mashtaka alikuwa anasoma ripoti kwa mara ya pili, kidole kikifuata mistari.

"Naftalini," alisema. "Hata kabatini kwangu imo."

"Imo kwa kila mtu. Tia sahihi, bwana."

"Na mlalamikaji? Ile familia haitakubali kushindwa kirahisi. Mimi nawajua watu wa huku, wakishasema mchawi wamesema."

Kabla Zunilda hajamjibu ngoma zikasikika. Maandamano ya Mtakatifu Pacho hayapiti kituo cha polisi, hayajawahi kupita, kwani polisi wenyewe ndio hutoka kuyafuata. Jaramillo alikwenda dirishani. Barabara yote ilikuwa ya kijani na nyeupe, watu wamelowa chapachapa, na mbele kabisa wanawake wawili na mtoto mmoja aliyefunikwa shati la askari.

Alitia sahihi akiwa amesimama.

Mama Pascuala alitolewa nje akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi, hakungoja kukivaa. Alisimama barazani, akautazama umati, akamtazama Ercilia. Ercilia alipiga magoti kwenye maji ya barabara, na vazi lake la sikukuu, mbele ya mtaa mzima.

"Pascuala Cuesta si mchawi!" alipaza sauti. "Niliyemdhuru mjukuu wangu ni mimi, kwa ujinga. Niliyemdhuru Pascuala ni mimi, kwa kiburi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nampa yake hapa, mbele yenu, na asiyesikia aambiwe!"

Mkunga alishuka ngazi. Hakumwinua Ercilia. Alikwenda moja kwa moja kwa Yurlenis, akamtoa mtoto kwenye shati, akamgeuza kwenye mwanga wa mchana, akabonyeza ncha ya pua yake kwa kidole na kutazama kama ngozi ingerudi na umanjano. Akamtazama macho, kulia na kushoto.

"Yuko salama," alisema. "Mpe ziwa, usimsikilize mtu." Ndipo alipomgeukia Ercilia pale chini. "Na wewe simama, magoti hayo nayajua mimi, utashindwa kuinuka. Twende. Mtakatifu anatusubiri."

Wakampanga katikati, Yurlenis upande mmoja na Ercilia upande mwingine, klarineti ikaanza upya. Mwaka ule mtaa wetu ulipita bila bendera, na mitaa mingine yote ilisimama kando ya njia kutupigia makofi.